Wajoli Waliosikitika: Neno juu ya Ombi la Tano
(Mathayo 18:21–35)



Katika utaratibu wa zamani wa masomo ya kanisa letu, Injili ya Jumapili ya 22 baada ya Utatu ni mfano wa mtumwa asiyetaka kusamehe. Waalimu wameuhubiri mara nyingi, nao Wakristo huujua hata kabla haujasomwa. Wakisikia tu jina la Petro na ile hesabu ya mara saba, wamekwisha kujua mahubiri yatakuwaje. Mhubiri atasema, Sameheni. Watu wataitikia, Ndiyo. Kisha kila mtu atarudi nyumbani kwake pamoja na kesi yake. Kwa sababu hiyo nataka tuutazame mfano huu polepole, hasa pale tunapozoea kupita upesi. Wamo ndani yake watu ambao ni shida kuwasikia wakihubiriwa, nao ni wale wajoli, yaani watumwa wenzi wa yule mtumwa mbaya. Nitafika kwao.

Kwanza tufanye hesabu, kwa maana Bwana mwenyewe alitaja hesabu. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku moja, kama tujuavyo kwa mfano wa shamba la mizabibu. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Basi talanta 10,000 ni dinari 60,000,000. Mtu akifanya kazi siku 300 kila mwaka, asile wala asivae, bali atoe mshahara wake wote, atamaliza kulipa baada ya miaka 200,000. Tena Yosefo, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, aandika kwamba Herode Antipa alipata talanta 200 kwa mwaka kutoka nchi zake za Galilaya na Perea. Deni la mtumwa huyu lilikuwa sawa na mapato ya mtawala yule kwa miaka 50. Wale waliomsikiliza Yesu walikuwa watu wa Galilaya, na kodi ile ilitoka mifukoni mwao. Walipoisikia hesabu hii walijua mara moja kwamba mtu huyu hawezi kulipa kamwe. Naye mwenyewe hakujua! Aliomba apewe nafasi tu, akaahidi kwamba atalipa yote. Ndivyo ilivyo sala ya mwanadamu asiyejijua: humwomba Mungu siku chache tu, apate kutengeneza mambo yake mwenyewe.

Mfalme hakumpa alichokiomba. Aliomba nafasi, akapewa kufunguliwa.

Lakini angalieni siku yenyewe. Ilikuwa siku ya hesabu. Mfalme alikuwa amefungua vitabu, akaita watumwa wake mmoja mmoja, na deni likasomwa kwa kiasi chake chote. Hapo ndipo msamaha ulipotoka. Mungu wetu hasamehi kwa kufumba macho, kama mzee aliyechoka kusikiliza kesi, akasema, Basi, basi, nendeni. Yeye husoma kwanza. Asiyesomewa deni lake hajasamehewa kitu, ameachwa tu. Na deni likifutwa, hasara haipotei hewani. Yule aliyelifuta ndiye aliyeibeba. Jioni ya siku ile nyumba ya mfalme ilikuwa imepungukiwa talanta 10,000, na mtumwa hakutoa hata senti moja. Mtume Paulo, katika Warumi 3, atuonyesha kwamba Mungu alimtoa Kristo katika damu yake, apate kuwa mwenye haki yeye mwenyewe na kumhesabia haki mtu wa imani. Maneno haya mawili, mwenye haki na mwenye kumhesabia haki, hayakuweza kukutana mahali pengine po pote ila msalabani. Kwa hiyo mtu akikuuliza, Mungu wenu ni Mungu wa haki au ni Mungu wa rehema, usichague. Mpeleke Golgotha, aone ni nani aliyebeba hasara.

Sasa twende nje ya mlango, mahali mtumwa alipomkuta mwenziwe. Huyu alidaiwa dinari 100. Wahubiri wengi husema ni deni dogo sana, si kitu. Mimi siwezi kusema hivyo. Dinari 100 ni kazi ya siku 100. Ni zaidi ya miezi mitatu ya jembe. Mwulize mkulima aliyeuza kahawa yake, na fedha ikaliwa njiani na mtu aliyemwamini, kama kazi ya siku 100 si kitu. Mwulize mjane ambaye shemeji zake waling'oa alama za mpaka usiku, na asubuhi migomba yake ikawa upande wa pili. Bwana Yesu hakusema kwamba tulilotendewa si kitu. Aliliweka kiasi chake mbele ya watu wote, dinari 100 kamili, kisha akaliweka kando ya lile la 10,000. Likisimama peke yake ni kubwa; kando ya lile jingine laonekana kama tone la mvua ziwani. Yafaa mwalimu ayashike yote mawili. Akimwambia aliyeonewa kwamba jambo lake ni dogo, huyo atajua kwamba mwalimu hakumsikiliza, wala hatamsikiliza mwalimu tena.

Mdeni huyu wa pili alisema maneno yale yale aliyoyasema wa kwanza mbele ya mfalme. Ni ajabu mtu anaposikia sala yake mwenyewe katika kinywa cha mwingine asiijue. Akamkaba koo, akamtupa kifungoni.

Na hapa waja wajoli. Mathayo asema kwamba walipoona yaliyotendeka walisikitika sana, wakaenda, wakamweleza bwana wao mambo yote. Ni mstari mmoja tu, nao ni mlango mpana kwa watu wengi katika sharika zetu. Zilikuwako njia nyingine mbele yao, hawakuzifuata. Waliweza kumvamia yule mkatili na kumpiga, maana wao walikuwa wengi naye mmoja. Hawakufanya hivyo. Waliweza kunyamaza wakisema, Hayatuhusu, tena huyu ni mtu aliyesamehewa na mfalme, nani sisi tumseme? Hawakufanya hivyo nako. Waliuchukua uchungu wao wakaupeleka penyewe, kwa bwana mwenye vitabu.

Hii ni sala, ndugu zangu. Ni sala ya haki, na Biblia imejaa sala za namna hii. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini. Mjane wa Luka 18 alimwendea kadhi kila siku mpaka akachoka naye, na Bwana alimsifu mjane, si kadhi. Zaburi nyingi ni kilio cha mtu aliyedhulumiwa. Hata katika Ufunuo 6 roho za wale waliochinjwa kwa ajili ya neno zalia chini ya madhabahu, zikiuliza hukumu itakawia mpaka lini. Hazikukemewa, bali zilipewa kanzu nyeupe na kuambiwa zingoje kidogo. Basi, mtu aliyeonewa asidhani kwamba kumwambia Mungu habari ya kuonewa kwake ni kukosa imani, au ni kinyume cha kusamehe. Mfalme wa mfano hakuwaambia wajoli, Rudini, nanyi mjifunze kusamehe kama nilivyosamehe mimi. Aliwasikiliza, akamwita yule mtu.

Lakini iko sala nyingine ifananayo na hii kwa sura, nayo si sala. Namaanisha kuapiza. Wazee wetu walijua kuapiza sana. Wengine waliapiza kwa chungu, wengine kwa maneno tu, na laana ile iliogopwa kuliko mkuki. Mila hii haikufa siku tulipobatizwa. Ilibatizwa nasi, ikapewa jina la Mungu badala ya jina la mizimu. Utasikia Mkristo akisema mbele ya watu, kwa sauti ya upole kabisa, Mimi sina neno naye, nimemwachia Mungu. Na macho yake yaonyesha kwamba anangoja habari ya msiba katika nyumba ile. Mtoto wa adui yake akiugua, moyoni asema, Mungu amejibu.

Tofauti iko wapi? Mwenye kuapiza amekwisha kukata hukumu mwenyewe. Amwita Mungu awe askari tu, aje aitimize. Wajoli hawakumpelekea mfalme hukumu. Walimpelekea habari. Walieleza yaliyotendeka, wakaacha mikononi mwake jambo la kufanya. Aombaye hivyo yuko tayari hata kwa jibu asilolitazamia, hata kwa adui yake kutubu na kuketi karibu naye kanisani. Stefano alipopigwa mawe aliomba wasihesabiwe dhambi ile, na kijana mmoja aliyekuwa akilinda mavazi ya wauaji akawa Mtume wa mataifa. Laiti kanisa la Yerusalemu lingeomba Sauli aanguke afe njiani kwenda Dameski! Alianguka kweli, lakini si kwa namna hiyo.

Nitawaeleza sasa habari ya kale, kwa sababu naona yafaa kueleza jambo moja linalotusumbua sana, yaani jinsi msamaha na adhabu viwezavyo kukaa pamoja.

Mwaka 1535 Daktari Martin Luther alitoa kitabu kidogo juu ya namna nyepesi ya kuomba. Alimwandikia rafiki yake wa siku nyingi, Peter Beskendorf, kinyozi katika mji wa Wittenberg, ambaye ndiye aliyekuwa akimnyoa Luther mwenyewe. Ndani ya kitabu hicho Luther atumia mfano wa kazi ya rafiki yake. Asema kwamba kinyozi mwema huyaweka mawazo na macho yake yote juu ya wembe na nywele. Akipiga domo na kutazama huku na huku, aweza kumkata mtu mdomo au pua, au hata koo. Ndivyo sala nayo itakavyo moyo mzima.

Mwaka ule ule, tarehe 27 Machi, siku moja kabla ya Pasaka, kinyozi huyu alikuwa akila pamoja na jamaa yake. Mkwe wake, jina lake Dietrich, mume wa binti yake, alikuwa askari. Yasemwa kwamba alijisifu mezani kwamba anayo dawa, hata chuma hakiwezi kumdhuru. (Sisi tulio wa nchi hii, tunaokumbuka maji yaliyonywewa mwaka 1905 ili risasi zigeuke maji, hatuna haki ya kuwacheka Wajerumani wa siku zile.) Kinyozi, akiwa amelewa, alishika kisu akamchoma ili ione kama ni kweli. Dietrich akafa.

Tazameni basi. Mtu aliyeandikiwa na Luther mwenyewe jinsi ya kuomba, mtu ambaye jina lake limo katika kitabu cha sala, amekuwa mwuaji katika siku ile kanisa lilipomkumbuka Bwana kaburini. Hukumu ya kuua mtu ilikuwa kifo. Luther na rafiki wengine walimwombea kwa wakubwa, naye hakuuawa. Lakini hakuachiliwa arudi dukani kwake. Mali yake ilichukuliwa, akafukuzwa katika mji, akaenda kukaa Dessau katika umaskini.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Luther, aliyefundisha kuliko watu wote wa wakati wake kwamba mwenye dhambi husamehewa bure kwa imani, hakusema, Kwa kuwa Mungu amemsamehe, serikali isimguse. Wala hakusema, Kwa kuwa ameua, mwacheni afe na asiombe tena. Alimwombea mwuaji apate kuishi, naye mwuaji akaishi, akiwa amefukuzwa na kupoteza kila kitu. Msamaha wa Mungu ulikuwa mzima kwake kama kwa mtu mwingine ye yote atubuye. Na nyumba yake katika Wittenberg hakuiona tena kuwa yake. Daudi pia alisikia katika saa moja, kwa kinywa cha Nathani, kwamba dhambi yake imeondolewa, na kwamba mtoto atakufa.

Kwetu mambo haya mawili huchanganywa kila siku. Tuseme mweka hazina wa usharika amekula sadaka. Jambo likijulikana, aja mbele ya wazee, analia, apiga magoti, asema ametubu. Wazee wapenda amani. Tena ni ndugu yao. Wasema, Bwana alituamuru kusamehe. Sala yafanywa, wimbo waimbwa, na kisanduku cha fedha charudishwa mikononi mwake. Huo si msamaha, ni uvivu uliovaa joho. Zakayo alipopata rehema hakuambiwa arudishe kitu. Alisimama mwenyewe akasema atarudisha mara nne. Toba ya kweli hufungua mkono. Mweka hazina asamehewe kwa moyo wote, aketi mezani pa Bwana akiisha kurudi kundini kwa utaratibu wetu. Alipe kidogo kidogo alichokula. Na kisanduku kishikwe na mtu mwingine. Wala asione kwamba haya ya mwisho yaondoa lile la kwanza.

Tena liko lililo zito kuliko sadaka. Mwanamke apigwa na mumewe, tena na tena, hata jirani wajua. Akikimbilia kwa wazee wa kanisa, mara nyingi neno la kwanza aambiwalo ni hili: Samehe, mama, rudi nyumbani, mume wako ameomba radhi. Mimi nasema, ndugu, kwamba twalitumia vibaya jina la Bwana tunapofanya hivyo. Kusamehe si kurudi mbele ya fimbo. Yule mfalme alimsamehe mtumwa deni lake. Hatusomi kwamba aliwaamuru wajoli wakae kimya chini ya mikono yake. Moyo wa mwanamke huyu waweza kufunguliwa na Mungu, akamsamehe mumewe kweli, na huku akalala nyumbani kwa baba yake mpaka ionekane kwa matendo kwamba mkono wa mume umepona, au mpaka baraza limwite mume huyo. Sisi wazee wa kanisa twapenda kesi ziishe upesi, tupate kuinuka kutoka vitini. Upesi huo hulipiwa na mwingine.

Sasa nirudi kwa yule binti wa kinyozi. Mume wake aliuawa, na mkono uliomwua ni wa baba yake. Fikirini Jumapili ya kwanza aliyosimama kanisani baada ya mazishi, watu wote wakisema Sala ya Bwana, wakafika ombi la tano, pale tunapoomba Baba atuachilie deni zetu, na papo hapo twawataja wadeni wetu. Angesema nini?

Yohana Cassian, mtawa aliyeandika katika karne ya 5, aeleza kwamba walikuwako watu ambao, kanisa lote lilipokuwa likiomba sala hii kwa sauti moja, walipofika mahali hapo walinyamaza, ili wasijifunge kwa vinywa vyao wenyewe. Cassian awakemea, kwa maana Mungu hadanganyiki na kunyamaza kwetu. Ni kweli. Hata hivyo naona walikuwa na fadhili moja kuliko sisi: walisikia wanayoyasema. Sisi twapita pale kama mtu apitaye daraja usiku, asijue kwamba chini yake kuna maji.

Ombi hili ndilo pekee ambalo Bwana Yesu alilirudia akiisha kufundisha sala yake katika Mathayo 6. Hakurudia habari ya mkate wala ya majaribu. Alirudia hii, akatuonya kwamba asiyesamehe hatasamehewa. Wakristo wengi huogopa hapa, nao wauliza: Je, basi twanunua msamaha wa Mungu kwa kusamehe kwetu? La. Kama ungenunuliwa, mfalme angalimwuliza mtumwa kwanza kama anawasamehe wenziwe, ndipo afute deni. Mfano hauendi hivyo. Deni lafutwa kwanza, lote, bila sharti. Ndipo yuko nje ya mlango yule wa dinari 100. Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, aeleza neno hili la wadeni wetu kuwa ni ishara iliyofungwa pamoja na ahadi, tupate kuwa na hakika. Kama vile ubatizo na Chakula cha Bwana ni ishara kwa macho yetu, ndivyo kila mara nimsameheapo jirani yangu ninayo ishara karibu nami ya kwamba Mungu amenisamehe mimi. Mtu huyo niliyemsamehe, nikikutana naye sokoni, ni ushuhuda wangu. Na mkono ulioshika koo la mwingine hauna nafasi ya kupokea hati ya kufunguliwa. Hati yaanguka chini, si kwa kuwa mfalme ni bahili, bali kwa kuwa mkono umejaa.

Bado yuko yule asemaye, Mchungaji, nayajua haya yote, lakini siwezi. Nikilisema ombi la tano naona nasema uongo. Yafaa nini kumwambia?

Katika kile kitabu cha kinyozi, Luther aonyesha jinsi yeye mwenyewe anavyoomba kwa maneno ya Amri Kumi. Kila amri aisokota kama shada la nyuzi nne: kwanza ajifunza amri yasema nini, kisha ashukuru, kisha aungama, mwisho aomba. Nimeona kwamba njia hii yafaa hata kwa ombi la tano, tena hasa kwa mtu ambaye moyo wake umefunga. Asianze na uzi wa mwisho. Aanze na wa kwanza: hapa Baba yangu anifundisha kwamba deni langu limeandikwa, na la adui yangu limeandikwa, wala hakuna lililosahauliwa. Kwa mtu aliyeonewa hili peke yake ni faraja kubwa, kwa maana wengi hawasamehe kwa sababu waogopa kwamba wakisamehe, hakuna tena atakayekumbuka. Kisha ashukuru kwa lile la talanta 10,000, alitaje kwa majina ikiwa aweza. Katika uzi wa tatu aungame, naye aungame ukweli: Baba, mimi simsamehe mtu huyu, namchukia, nilifurahi ng'ombe wake alipokufa. Maungamo ya namna hii yapendeza zaidi mbele ya Mungu kuliko ule upole wa midomo nilioutaja juu. Na uzi wa nne, kama hawezi kuomba, Mbariki adui yangu, na aombe tu apewe kutaka. Akishindwa hata hapo, aachie uzi wa tatu siku ile, kesho aanze tena. Shada halimalizwi kwa siku moja.

Neno kwenu, waalimu na wainjilisti mnaokaa peke yenu katika mitaa ya mbali. Juma lile kabla ya Chakula cha Bwana, mnapowaandikisha washirika, msiulize tu, Je, una ugomvi na mtu? Wote watajibu, Sina. Waketisheni, wasomeeni Mathayo 18 yote, tena msiuruke mstari wa wajoli. Yuko atakayeinamisha kichwa pale. Huyo mfuateni nyumbani, msimwulize mbele ya watu, wala msimwambie neno la kusamehe siku ya kwanza. Msikilizeni mpaka mwisho. Mara nyingi mtakuwa ninyi wa kwanza kumsikiliza katika miaka mingi. Ikiwa jambo lake ni la kupelekwa barazani, mwende naye barazani. Kisha mwombe naye, hata akiweza kusema nusu tu ya sala. Kwa mtu asiyepata maneno, nimeandika sala hii fupi. Anaweza kuisema peke yake jikoni au shambani:

Baba, wewe wajua alilonitenda, hata kama watu wote wamesahau. Nalileta kwako, silipeleki pengine. Wajua pia niliyotenda mimi, nayo ni mengi kuliko hayo, na Mwanao ameyabeba. Mkono wangu umemshika mtu huyu, nami nimechoka kumshika. Ufungue wewe, kidole kimoja kimoja. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.